Maswali ya Wasomaji: WeeWX 5 na Kituo Chako cha Hali ya Hewa

WeeWX ni programu huria inayosoma kituo cha hali ya hewa kila baada ya sekunde chache, inahifadhi vipimo kwenye hifadhidata, kisha inavigeuza kuwa grafu na kurasa za wavuti. Imeandikwa kwa Python, na aliyeianzisha ni Tom Keffer. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2020. Toleo la 5 likafuata Januari 2024 na mabadiliko mazito. Python 2 imeachwa kabisa, amri zote za pembeni zimewekwa chini ya amri moja iitwayo weectl, na kusakinisha kwa pip, kisakinishi cha Python, sasa ni njia rasmi.

Wengi wenu bado mko kwenye toleo la 4 na mnasita. Barua zinazofanana tumeziunganisha. Mkizisoma zote mtagundua kwamba matatizo mengi ya toleo la 5 hayahusu hali ya hewa hata kidogo. Yanahusu nani anaendesha programu, na faili zake ziko wapi.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina data ya miaka sita kwenye toleo la 4. Nikipanda toleo la 5, itapona?

JIBU: Itapona. Hifadhidata ya toleo la 4 inasomwa na toleo la 5 kama ilivyo. Hata hivyo usianze bila nakala rudufu, kwa sababu kinachopotea kirahisi si data bali mipangilio yako na viendelezi ulivyovisakinisha kwa mkono.

Simamisha huduma kwanza kwa sudo systemctl stop weewx. Kisha nakili vitu vitatu: faili la weewx.conf, faili la weewx.sdb na folda inayoitwa user. Ukiwa ulisakinisha kwa kifurushi cha Debian, utavikuta kwenye /etc/weewx, /var/lib/weewx na /usr/share/weewx/user. Ukiwa ulitumia setup.py, vyote viko chini ya /home/weewx: weewx.conf juu kabisa, hifadhidata ndani ya archive, na folda ya user ndani ya bin.

Usinakili weewx.sdb kwa cp wakati programu inaendelea kuandika. Unaweza kupata nakala iliyokatika katikati. Kama huwezi kusimamisha huduma, tumia amri ya SQLite yenyewe: sqlite3 weewx.sdb ".backup nakala.sdb". Kwa vyovyote vile, kagua nakala kabla ya kuiamini: sqlite3 nakala.sdb "PRAGMA integrity_check;" inapaswa kujibu ok. Jibu lingine lolote maana yake huna nakala.

Kabla ya kupanda, andika mahali orodha inayotolewa na wee_extension --list. Baada ya kupanda, ilinganishe na ya weectl extension list. Kwenye kifurushi cha Debian viendelezi vimehamia /etc/weewx/bin/user, na ukiona logi inalalamika No module named 'user.' ikifuatiwa na jina, ujue faili hilo halikufika huko. Linakili kutoka kwenye nakala yako. Angalia pia python3 --version: ukiwa na 3.7 au mpya zaidi uko salama.

Waliotumia setup.py wana kazi zaidi kidogo, maana toleo la 5 halina njia hiyo tena. Hamia pip lakini iache data pale pale /home/weewx. Badilisha umiliki wa folda hiyo yote uwe wako kwa sudo chown -R, sogeza pembeni programu ya zamani iliyomo ndani ya bin lakini usiiguse bin/user, sakinisha toleo la 5 kwenye mazingira pepe (tunaeleza hapa chini), halafu endesha weectl station upgrade --config=/home/weewx/weewx.conf. Mtego uko mwishoni: faili la zamani la huduma, liwe /etc/init.d/weewx au lile la systemd, bado linaelekeza kwenye programu ya zamani. Usipoliondoa, kompyuta itakapozimwa na kuwashwa utakuta ama toleo la 4 limefufuka au hakuna kinachowaka.

SWALI: wee_reports inajibu command not found. Na wee_database pia. Zimekwenda wapi?

JIBU: Zimekuwa matawi ya weectl. wee_reports sasa ni weectl report run. wee_database ni weectl database, na vile vilivyokuwa vigezo vyenye vistari viwili vimekuwa vitenzi: --rebuild-daily imekuwa rebuild-daily, --calc-missing imekuwa calc-missing. wee_extension ni weectl extension, wee_device ni weectl device, wee_import ni weectl import, wee_debug ni weectl debug, na wee_config ni weectl station. Ukikwama, ongeza --help baada ya tawi lolote. Wenye hati za cron (kipangaji cha kazi za saa maalumu) zinazoita amri za zamani wazirekebishe siku hiyohiyo, kwa sababu cron hushindwa kimyakimya.

SWALI: Baada ya kusakinisha upya kwa kifurushi cha Debian, kituo hakisomwi. Logi inasema Permission denied: '/dev/ttyUSB0'. Kwenye toleo la 4 kebo ni ileile na kila kitu kilikwenda sawa.

JIBU: Kebo haina kosa. Zamani huduma iliendeshwa na root, ambaye hazuiwi na mlango wowote. Usakinishaji mpya wa toleo la 5 kwa kifurushi huendesha weewxd, yaani programu yenyewe inayosoma kituo, kwa mtumiaji wa kawaida aitwaye weewx, na mtumiaji huyo hufungua vile tu alivyoruhusiwa. Huo ni uamuzi mzuri, tunauunga mkono: programu inayozungumza na intaneti mchana na usiku haina sababu ya kuwa na mamlaka ya root. Lakini unadai mpangilio.

Tazama nani anamiliki kifaa: ls -l /dev/ttyUSB0. Kwenye Debian na ndugu zake kwa kawaida utaona kundi la dialout. Mwingize mtumiaji kwenye kundi hilo kwa sudo usermod -aG dialout weewx, kisha anzisha upya huduma. Kwa vituo vya USB visivyo na ttyUSB, kosa huandikwa Access denied (insufficient permissions) na dawa yake ni kanuni za udev (zinazoamua ruhusa za kifaa), ambazo huja na usakinishaji. Tatizo ni kwamba kanuni hizo hufanya kazi kifaa kinapochomekwa. Kama kilikuwa kimechomekwa tayari wakati unasakinisha, kichomoe, hesabu hadi kumi, kichomeke tena.

Ukishamaliza mlango wa kifaa, kuna sehemu nyingine tatu ambako badiliko hilohilo hujificha, na barua zenu zimezitaja zote bila kujua kwamba chanzo ni kimoja.

Ya kwanza ni kurasa zilizoganda. Grafu zinaonyesha saa ileile tangu juzi. Angalia ls -l /var/www/html/weewx. Ukikuta faili ni za root, mtumiaji weewx hawezi kuziandika upya. Rekebisha kwa sudo chown -R weewx:weewx /var/www/html/weewx. Na mara nyingi anayeziharibu ni mwenye kituo mwenyewe: anaendesha sudo weectl report run kujaribu, faili zinazaliwa zikiwa za root, huduma inashindwa dakika tano baadaye. Kwa majaribio tumia sudo -u weewx weectl report run.

Ya pili ni kutuma kurasa kwenye seva kwa rsync. Ufunguo wa SSH uliokuwa nyumbani kwa root hauonekani tena. Tafuta nyumbani kwa mtumiaji mpya kwa getent passwd weewx, tengeneza folda ya .ssh huko, weka ufunguo, faili la ufunguo liwe na ruhusa 600 na limilikiwe na weewx. Halafu ingia kwenye seva mara moja kwa mkono ukiwa mtumiaji huyo, ili swali la kuikubali seva kwa mara ya kwanza lijibiwe. Huduma haiwezi kuandika yes kwa niaba yako.

Ya tatu inawahusu wanaopokea data kutoka kwa kituo kinachotuma chenyewe kwa mtandao kwenda mlango namba 80. Mtumiaji wa kawaida kwenye Linux hafungui mlango ulio chini ya 1024. Sikiliza kwenye 8080, na uelekeze upya ama kwenye mipangilio ya kituo au kwa kanuni ya ngome ya mtandao. Kurudisha huduma kwa root ili kukwepa kazi hii ni uvivu utakaokugharimu.

SWALI: pip inakataa. Inaandika externally-managed-environment.

JIBU: Debian 12 na mifumo iliyotokana nayo hairuhusu pip iguse Python ya mfumo, kwa sababu vifurushi vya apt na vya pip vikichanganyika huvunjana. Usitumie kigezo cha kulazimisha. Tengeneza mazingira pepe:

python3 -m venv ~/weewx-venv
source ~/weewx-venv/bin/activate
python3 -m pip install weewx
weectl station create

Amri ya mwisho itakuuliza jina la kituo, mwinuko, latitudo na longitudo, aina ya vipimo na draiva, kisha itaunda folda ya ~/weewx-data yenye kila kitu chako. Kama kifaa bado hakijafika, chagua draiva ya Simulator. Inazalisha hali ya hewa ya kubuni na inatosha kupima kurasa. Andika weewxd na subiri. Mistari inayoanza na LOOP ndiyo masomo ya papo kwa papo, na baada ya dakika tano utaona mmoja unaoanza na REC, ambao ndio unaohifadhiwa. Ukiridhika, bonyeza Ctrl-C, kisha hati ya setup-daemon.sh iliyo ndani ya ~/weewx-data/scripts itakuwekea huduma ya kudumu. Iendeshe kwa sudo.

Kosa linalofuata ni hili: kiendelezi kinadai moduli, mtu anaisakinisha kwa apt, na bado weewxd haiioni. Mazingira pepe hayaoni vilivyo nje yake. Yaamshe kwanza kwa ile amri ya source, kisha pip install humo humo. Kinyume chake ni kweli: aliyetumia kifurushi cha Debian asakinishe moduli kwa apt, mfano python3-paho-mqtt, asiguse pip.

Na tukiwa hapo kwenye MQTT, njia ya kutuma vipimo kwa programu nyingine: moduli ya paho-mqtt ilipofika toleo la 2.0 mwaka 2024 ilibadilisha namna ya kuitwa, na viendelezi vya zamani huanguka vinapokutana nayo. Sasisha kiendelezi. Kama hakijasasishwa na mwenyewe, pip install "paho-mqtt<2" itakuvusha.

SWALI: Nimefungua hifadhidata kwa sqlite3 nikakuta joto la nje 77 na mvua 0.197. Hapa hatutumii Fahrenheit! Nikabadilisha target_unit kuwa METRIC na sasa programu haiwaki. Nifanye nini?

JIBU: Rudisha target_unit = US, na itawaka. Mpangilio huo ndio unaoamua vipimo vya kuhifadhi. Sasa sikiliza kwa nini.

Kila safu ya jedwali la archive ina nguzo iitwayo usUnits. Namba 1 ni mfumo wa Marekani, 16 ni METRIC, 17 ni METRICWX. Hifadhidata moja haichanganyi mifumo, kwa hiyo WeeWX ikikuta data iliyopo ni 1 na wewe unataka 16, inagoma. Inakuepusha na balaa: bila kugoma, nyuzi 25 za leo zingekaa pembeni mwa 77 za jana na wastani wa mwezi ungekuwa upuuzi.

Unachokihitaji ni vipimo vya kuonyesha, ambavyo havihusiani na vya kuhifadhi. Fungua weewx.conf, nenda [StdReport], chini ya [[Defaults]] andika unit_system = metricwx. Endesha ripoti upya. Kurasa zitaonyesha Selsiasi, milimita na mita kwa sekunde, huku hifadhidata ikiendelea na inchi zake bila kumsumbua mtu. Hizo 0.197 ni milimita 5 za mvua, hazijapotea.

Tunajua wapo watakaong'ang'ania kubadilisha hifadhidata yenyewe, labda kwa sababu wanaisoma kwa programu nyingine. Inawezekana. Simamisha huduma, chukua nakala, weka target_unit mpya, endesha weectl database reconfigure. Litazaliwa faili jipya lenye jina lilelile likiishia na _new. Liweke mahali pa la zamani, endesha weectl database rebuild-daily, washa huduma. Lakini kuna hasara ndogo ambayo wengi hawaambiwi. WeeWX huweka muhtasari wa kila siku, na joto la juu na la chini la siku hupatikana kwenye masomo ya LOOP, yaani kila sekunde chache. Muhtasari ukijengwa upya, unajengwa kwa rekodi za dakika tano, ambazo ni wastani. Kilele cha joto cha dakika moja hulainishwa. Kwa data ya miaka mingi, hilo si jambo la kufanya kwa kupenda sura ya namba.

Na ukiamua, chagua METRICWX, si METRIC. Katika METRIC mvua huhifadhiwa kwa sentimita na upepo kwa kilomita kwa saa. Tumepokea barua mbili za watu walioshangaa mvua yao kuwa pungufu mara kumi; wote walikuwa wakisoma sentimita wakidhani ni milimita.

SWALI: Kipimajoto changu kinasoma juu kwa nusu nyuzi ya Selsiasi nikikilinganisha na kingine ninachokiamini. Nimeandika outTemp = outTemp - 0.5 kwenye [StdCalibrate], lakini tofauti haijaisha yote. Kipimamvua nacho nakitilia shaka.

JIBU: Masahihisho ya [[Corrections]] hufanyika baada ya data kugeuzwa kwenda kwenye mfumo wa target_unit. Kama hifadhidata yako ni ya US, umepunguza nusu nyuzi ya Fahrenheit, ambayo ni 0.28 tu ya Selsiasi. Andika 0.9. Ila kabla ya kusahihisha kwa programu, hakikisha tofauti ipo usiku pia. Ikiwepo mchana wa jua tu, tatizo ni kinga ya jua ya kihisi au mahali kilipowekwa, na namba moja ya kutoa haitaliponya; itakuharibia tu usomaji wa usiku uliokuwa sahihi.

Kipimamvua hupimwa kwa maji. Hesabu eneo la mdomo wake kwa sentimita za mraba, zidisha kwa milimita za mvua unazotaka kuigiza, gawa kwa kumi, unapata mililita. Mfano halisi: kipimamvua cha Davis Vantage Pro2 chenye mdomo wa eneo la sentimita za mraba 214. Mvua ya milimita 10 ni mililita 214. Kama kijiko chake hupinduka kila 0.2 mm, utarajie mipinduko 50.

Usiyamwage. Toboa tundu dogo chini ya chupa na uyaache yadondoke kwa muda usiopungua nusu saa. Ukimwaga haraka, maji huendelea kuingia wakati kijiko kikiwa katikati ya kupinduka na hayahesabiwi, hivyo kifaa kitaonekana kinapunja hata kama ni kizima. Kabla ya hapo safisha kijiko na hakikisha kifaa kimesimama sawasawa kwa pimamaji, kwani kikiinama upande mmoja hupinduka mapema. Rudia angalau mara tatu. Ukipata 48 kila mara, sahihisho ni rain = rain * 1.04. Ukipata 48, halafu 53, halafu 45, usiandike sahihisho lolote. Kuna uchafu au mhimili uliolegea.

Na chomoa kebo ya kihisi wakati wa kusafisha, au utaandika mvua siku ya kiangazi.

SWALI: Kanieneo ya hewa haionekani kabisa kwenye kurasa. Joto na upepo vipo. Kituo kiko mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

JIBU: Mwinuko wako umejibu swali. Katika mwinuko huo kanieneo halisi ni karibu hPa 775, sawa na inchi 22.9 za zebaki. Sasa fungua weewx.conf, sehemu ya [StdQC], chini ya [[MinMax]]. Utakuta mstari pressure = 24, 34.5, inHg. Kipimo chako kiko chini ya kikomo, kwa hiyo kinatupwa kama kosa. Na kwa kuwa kanieneo iliyosawazishwa kwa usawa wa bahari, ambayo WeeWX huiita barometer, hukokotolewa kutoka kwenye pressure baada ya ukaguzi huo, nayo inakosa chanzo. Kwenye logi utaona maneno outside limits kila mara. Shusha kikomo cha chini kiwe 21 na uanzishe upya.

Wenye vituo vya chini zaidi wanaolalamika kwamba kanieneo ipo lakini si sahihi, waangalie mstari wa altitude. Kituo cha mita 1,600 kikiandikwa altitude = 1600, foot kinachukuliwa kuwa kwenye mita 488, na badala ya kuona takriban 1013 utaona karibu 885. Neno meter lisisahaulike. Isipokuwa kwenye Davis Vantage: pale kifaa cha ndani chenyewe ndicho kinachosawazisha, kwa hiyo mwinuko urekebishwe kwenye kifaa, na kubadilisha weewx.conf peke yake hakutasaidia.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, Raspberry Pi yangu inaandika rekodi zenye saa za uongo. Mara nyingine logi inasema UNIQUE constraint failed: archive.dateTime.

JIBU: Raspberry Pi za kabla ya modeli ya 5 hazina saa yenye betri, na modeli ya 5 inayo saa lakini betri hununuliwa kando. Inapowaka hushika saa ya mwisho iliyokumbuka hadi intaneti iisahihishe. WeeWX hujilinda kidogo: saa ikiwa nyuma ya tarehe ya faili la weewx.conf, inasubiri na kuandika Waiting for sane time. Ila saa iliyochelewa kwa dakika arobaini tu hupita ukaguzi huo. Rekodi zinaandikwa kwenye nyakati ambazo tayari zina rekodi, na kwa kuwa dateTime ndiyo ufunguo wa jedwali, SQLite inazikataa kwa ujumbe ulioutaja. Hizo zilizokataliwa hazina madhara.

Tiba ya kudumu ni moduli ya saa ya DS3231. Ichomeke kwenye pini za I2C, ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, washa upya. Weka pia loop_on_init = 1 juu kabisa ya weewx.conf ili programu iendelee kujaribu kama kituo kitachelewa kuamka kuliko kompyuta.

Rekodi mbaya iliyokwisha kuingia isahihishwe hivi. Simamisha huduma na uchukue nakala. Itafute kwanza kwa SELECT, usianze na kufuta:

SELECT dateTime, datetime(dateTime,'unixepoch','localtime'), outTemp FROM archive WHERE outTemp > 130;

Ukishaiona kwa macho, iondolee thamani badala ya kufuta safu nzima: UPDATE archive SET outTemp = NULL WHERE dateTime = na ile namba. Kisha jenga upya muhtasari wa siku hiyo peke yake, weectl database rebuild-daily --date= ukifuatisha tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku. Sababu ya kutojenga historia yote tumeshaieleza kwenye swali la vipimo. Mwisho, futa faili la mwezi huo na la mwaka huo ndani ya folda ya NOAA, yenye ripoti za muhtasari wa mwezi na mwaka, kwenye kurasa zako. Ripoti za miezi iliyopita haziandikwi upya kama faili lipo, na ndiyo maana wengine wanasahihisha hifadhidata wakaendelea kuiona nyuzi 150 ikitawala kwenye ripoti.

Ukisahihisha rekodi ya usiku wa manane, kumbuka kwamba muda wa rekodi ni wa mwisho wa kipindi. Ile ya saa 00:00 kamili ni ya siku iliyotangulia.

SWALI: Kadi ya SD imekufa. Nipunguze vipi maandishi?

JIBU: Kurasa na grafu huandikwa upya kila dakika tano, na ndizo zinazoandika kwa wingi. Weka folda ya kurasa kwenye tmpfs (sehemu ya RAM inayotumika kama diski) ya megabaiti 50 kupitia /etc/fstab, imilikiwe na mtumiaji weewx. Zikipotea umeme ukikatika, zitatengenezwa tena. Hifadhidata isiwekwe kwenye RAM hata siku moja. Ihamishie kwenye diski ya SSD ya USB, na ubadilishe SQLITE_ROOT ielekee huko.